Mume wangu anataka bati, mimi nataka kuiona Vienna

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na minane, naishi Tanga na mume wangu na watoto wetu wawili. Naomba jina langu lisitajwe, maana mtaa wetu ni mdogo na wateja wangu wengi wanakusoma.

Mama, napenda mno historia ya familia za kifalme za Ulaya, hasa Wahabsburg waliotawala Austria na Hungaria. Yalianza nilipokuwa nasomea ushonaji kwa masista. Sista mmoja mzee alikuwa na kitabu cha picha, na humo alikuwemo Malkia Elisabeth, mke wa Kaisari Franz Joseph, aliyechorwa na Winterhalter mwaka 1865. Amegeuza bega, gauni jeupe limejaa nyota za kumetameta, na nyota nyingine za almasi zimepachikwa kwenye nywele. Wenzangu walitazama uso. Mimi nilitazama mabega ya lile gauni, nikajiuliza fundi alikikata vipi kitambaa mpaka kikakaa pale bila kuteleza.

Nilisoma kidogo kidogo miaka hiyo. Mwaka tuliompoteza mtoto wetu wa kwanza nilikuwa sipati usingizi, nikawa nasoma usiku kwenye simu, Kiingereza cha kuungaunga na kamusi pembeni. Elisabeth aliuawa Geneva tarehe 10 Septemba 1898. Aliyemuua, Luigi Lucheni, alimchoma kwa tupa iliyonolewa. Yule mama aliinuka, akatembea hadi kwenye meli, kwa sababu koseti yake, lile vazi la kubana kiuno, ilikuwa imekazwa kamba kiasi cha kuizuia damu isitoke. Walipomlegezea kamba ndipo walipojua kuwa amejeruhiwa. Nikifika hapo huwa nasimamisha cherehani. Kila msimu wa harusi nakaza kamba za magauni ya mabibi harusi, naijua nguvu yake.

Namjua pia Zita, mke wa Kaisari wa mwisho. Milki ilivunjika mwaka 1918, wakafukuzwa, na mumewe Karl akafia kisiwa cha Madeira tarehe 1 Aprili 1922 akiwa na miaka 34. Zita alikuwa na mimba ya mtoto wa nane. Alivaa nyeusi mpaka alipofariki mwaka 1989. Mwanawe mkubwa, Otto, alizikwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 2011, nami nimeangalia video ya mazishi yale mara nyingi. Jeneza linafikishwa kwenye mlango wa kanisa la Wakapuchini, mtu anagonga, padri aliye ndani anauliza nani anataka kuingia. Yanasomwa majina yote ya kifalme. Padri anajibu, hatumjui. Wanagonga tena, zinasomwa elimu na kazi alizofanya. Hatumjui. Mara ya tatu wanasema ni Otto, mwanadamu mwenye kufa na mwenye dhambi. Hapo mlango unafunguliwa. Mimi hulia, Mama, sijui kwa nini.

Nimeweka akiba kwenye kikoba kwa miaka, mume wangu akijua. Sasa zimefika milioni sita na ushei. Nataka kwenda Vienna nisimame kwenye lile handaki yalimo majeneza yao, nikayaone yale magauni kwa macho yangu. Lakini nyumba yetu ni boma tu, kuta zimesimama, hazijapauliwa, na kila masika zinanyeshewa. Mume wangu aliniambia mbele ya mama yake, "Huwezi kwenda kutazama majumba ya watu waliokufa wakati la kwako halina bati." Sikujibu kitu. Mama mkwe naye alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniumiza zaidi.

Kaka yangu, ambaye ni mwalimu, ananiambia mimi nimetawaliwa mpaka usingizini. Namjibu kwamba Wahabsburg hawakututawala sisi, waliotutawala ni Wajerumani na Waingereza. Anacheka tu. Na juzi binti yangu, ana miaka tisa, alikuwa ananitazama nikimwonyesha picha ya Elisabeth, akaniuliza, "Mama, na kwetu kulikuwa na malkia?" Nikamwambia amalize kula.

Je, haya ninayopenda ni ugonjwa? Niende, au nitoe hela tupaue na nisahau mambo haya kabisa?

Fundi wa Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikairudia usiku. Nikikuelewa vizuri, una kitu ukipendacho ambacho watu wako wa karibu hawakielewi, una fedha ulizozitolea jasho, una mume anayetazama kuta zikilowa, na una mtoto aliyeuliza swali ukamtuma kwenye sahani. Umeniuliza uende au upaue. Nina wasiwasi kwamba tukilijibu hilo haraka, hela zitajibu maswali ambayo si ya hela.

La ugonjwa tulitoe kwanza. Mji mzima wa Tanga umejaa vijana wanaokesha kutazama timu za Uingereza, wanaotaja mabeki waliocheza kabla wao hawajazaliwa, na hakuna anayewapeleka kwa daktari. Moyo wa mtu hauulizi umbali. Wewe uliingia kwa mlango wa ufundi wako, kupitia mabega ya gauni, na hilo naliheshimu. Wanahistoria wachache wangeisoma ile koseti ya Geneva kama ulivyoisoma wewe.

Sasa niulize kidogo kuhusu jibu unalompa kaka yako. Ni kweli bendera ya Wahabsburg haikupandishwa huku kwetu. Lakini wajumbe wa Franz Joseph walikaa kwenye mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ule wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika, na nchi yake ilitia saini pamoja na wengine. Na kuna jambo la karibu nawe zaidi. Mwaka 1887 mtu mkubwa wa Hungaria, Count Teleki, rafiki wa Rudolf mwana wa Elisabeth wako, aliondoka na msafara wake Pangani. Pangani hii hii yetu. Mizigo ilibebwa na wapagazi wa pwani, na walipita kwenye njaa na maradhi, wengi hawakurudi. Machi 1888 walifika kwenye ziwa kubwa kaskazini mwa Kenya ya leo, ambalo Waturkana, Waelmolo na wengine walikuwa wakilitumia tangu zamani wakiwa na majina yao wenyewe. Teleki akaliita Ziwa Rudolf. Rudolf hakuliona kamwe. Tarehe 30 Januari 1889 alikutwa amekufa huko Mayerling pamoja na msichana Mary Vetsera, habari unayoijua kuliko mimi. Ziwa likabaki na jina lake mpaka 1975, Kenya ilipolibadili kuwa Turkana.

Ziwa jingine dogo, upande wa Ethiopia, walilipa jina la mke wa Rudolf, Stephanie. Na Stephanie alikuwa binti wa nani? Wa Leopold II wa Ubelgiji, yule aliyeifanya Kongo mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, watu wakakatwa mikono na vijiji vikachomwa kwa ajili ya utomvu wa mpira. Ndiyo harusi zenyewe hizo, mwanangu, na baadhi ya vito vinavyong'aa kwenye picha za zama zile vina bili iliyolipwa na watu wa huku. Sikwambii haya ili uzifunge picha zako. Nakuambia kwa sababu nadhani unaweza kuyabeba, na kwa sababu jibu la "hawakututawala" halitoshi hata kwako mwenyewe. Lingetosha, usingeniandikia kwamba kaka anacheka.

Lakini kaka yako naye ana dhana yake. Anadhani kujua habari za mfalme ni kumsujudia. Angekaa akakusikiliza, angegundua jambo nililoligundua mimi. Katika barua nzima hukunitajia vita hata vimoja walivyoshinda. Hukunitajia Maria Theresa, mtawala wao mwanamke, akiwa kwenye kiti, wala lile kasri lao la Schönbrunn lenye vyumba 1,441. Umenitajia mama aliyechomwa, mjane aliyevaa nyeusi maisha yake yote, na maiti asiyefunguliwa mlango mpaka avuliwe majina yote. Huyo si mtu aliyetekwa na utawala. Sijui kama wewe mwenyewe umeliona hilo.

Na hapa naomba niende polepole, na kama nimekosea uniambie. Uliandika sentensi moja kuhusu mtoto wenu wa kwanza, kisha ukakimbilia Geneva. Elisabeth naye alizaa mtoto wa kwanza wa kike, Sophie, na mama mkwe akamchukua amlee yeye. Mwaka 1857 walisafiri na mtoto kwenda Hungaria, akaugua, akafa akiwa na miaka miwili. Kwa vile unamjua Elisabeth mpaka kamba za nguo zake, naamini unaijua habari hii. Hukuiandika. Nimejiuliza kama ndiyo iliyokukesheza usiku ule, na kama kwa miaka yote hii umekuwa ukipata kwa yule mama wa mbali ruhusa ya kulia ambayo hukuipata nyumbani. Wakati mwingine tunaambiwa "ni kazi ya Mungu, utapata mwingine", nguo za mtoto zinafungwa kwenye mfuko na hakuna anayelitaja jina lake tena.

Mume wako alimpoteza mtoto huyo huyo. Hukuniambia ujenzi ulianza lini. Ningependa kujua. Wako wanaume wanaolia kwa tofali, wanajenga kwa sababu hawana namna nyingine ya kusema kwamba safari hii familia yao itakuwa salama. Kama ni mmoja wao, basi maneno aliyoyasema mbele ya mama yake, ambayo hakupaswa kuyasema pale, yalikuwa na hofu ndani yake kuliko dharau. Labda akikutazama na simu yako usiku anaona chumba ambacho yeye hana ufunguo wake. Labda siyo, labda ni bati tu na mvua. Wewe unamjua, mimi simjui. Ninachokuomba ni usidhani kwamba unakijua kinachomuuma kabla hujamuuliza mkiwa wawili, bila mama mkwe, bila watoto, bila kiasi cha fedha mezani.

Tuje kwenye fedha, maana nazo ni za kweli.

Ukiamua kwenda, fedha ni zako na hukuzificha. Lakini tembea ukijua njia. Utahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Utatakiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000 na taarifa za benki zinazoonyesha unajimudu. Akiba iliyo kwenye daftari la kikoba haionekani benki, na fedha nyingi zinazoingia kwa mkupuo siku chache kabla ya maombi huwatia shaka wanaokagua. Fundi aliyejiajiri anahitaji kuonyesha leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na sababu za kurudi nyumbani, na bahati nzuri sababu hizo unazo nne kwa uchache, ukihesabu cherehani. Nauli yaweza kula karibu nusu ya akiba yako, na Vienna si mji wa bei rahisi. Hatari nyingine haiko ubalozini. Ni kurudi na kukuta boma lile lile na mume aliyenyamaza, na safari uliyoitamani miaka yote ikawa kitu kisichotajwa sebuleni.

Ukiamua kupaua, utalala chini ya bati lako na mume atapumua. Hatari yake ni kwamba ukitoa hela hizo kwa kusukumwa, kila mvua itakapogonga bati utaisikia Vienna. Nimeona wanawake waliotoa akiba zao hivyo. Nyumba ilikamilika, wao wakabaki na kinyongo ambacho hata hawajui wakielekeze kwa nani. Na kule "kusahau kabisa" ulikokutaja, sikuamini kuwa unakuweza, wala sioni ulichokosa mpaka ujipe adhabu hiyo.

Kuna njia ya katikati, nayo ina miiba yake. Mnaweza kukubaliana sehemu ya fedha iende kwenye kenchi na bati za vyumba viwili vya kwanza, sehemu ibaki benki kwa jina lako, na mwaka wa safari utajwe. Kusema "tutaona baadaye" hakutoshi, maana hiyo baadaye ndiyo inayomeza mipango ya wanawake. Muandikishane, kama mnavyoandikishana kwenye kikoba. Mwiba wake ni huu, bei ya bati haimsubiri mtu, ada za shule nazo zinakuja, na baada ya muda mnaweza kujikuta hamna paa kamili wala tiketi.

Nimewaza pia kuhusu mikono yako. Lile gauni la Winterhalter, mabega wazi, sketi pana, lesi juu ya satini, umelitazama miaka mingi. Umeshawahi kulikata? Wako mabibi harusi Tanga na Dar ambao wangelilipia vizuri. Safari ingeweza kujilipia yenyewe kidogo kidogo. Ila sikulazimishi. Wengine kitu wakipendacho kikigeuka kazi hufa mikononi mwao, na wewe una haki ya kubaki na kitu kimoja ambacho hakiuzwi.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu swali lake limenikaa. Jibu lake lipo, na liko karibu. Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma, mwishoni mwa karne ya 17. Na huko Usambara, kwa basi kutoka hapo ulipo, kulikuwa na Vuga, makao ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara. Mwaka 1848, mwaka ule ule ambao Franz Joseph wako alikalia kiti akiwa kijana wa miaka 18, mmisionari Krapf alipanda milima hiyo akamkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi iliyoteremka hadi pwani, wanawe wakiwa machifu wa sehemu zake. Mwana aliyetarajiwa kumrithi alikufa kabla ya baba, kama Rudolf. Kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, na Semboja, mwana mwingine wa Kimweri, akasimama dhidi yake kutoka Mazinde, nchi ikapasuka. Mwana wa Semboja, Mputa, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Haya hayakupotea. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karani wa Semboja na baadaye liwali wa Tanga, aliyaandika kwa Kiswahili, kwa urefu, na ugomvi wote wa ndugu umo.

Mwonyeshe binti pia Salme, mtoto wa Sultani Said wa Unguja, aliyejifunza kuandika kwa siri, akaondoka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Hamburg, akabatizwa Emily, akafiwa na mtoto wake wa kwanza angali mchanga na mumewe mwaka 1870, akabaki Ujerumani na watoto watatu. Mwaka 1885 Bismarck, chansela wa Ujerumani, alimrudisha Unguja pamoja na manowari, akimtumia kumtisha Sultani Barghash, kaka yake mwenyewe. Alikufa Jena mwaka 1924. Ukimsoma Salme utaona kwamba ukoo wa kwetu na milki za Ulaya zilikutana ndani ya mwili wa mwanamke mmoja, na nadhani utasimamisha cherehani.

Sisemi Kimweri achukue nafasi ya Elisabeth. Mapenzi hayahamishwi kwa amri, na kaka yako akikuambia hivyo mkatalie. Nasema tu mtoto ameuliza, na wewe ndiye mtu mwenye hamu ya kutosha kumjibu. Huenda hata kaka, akiwa mwalimu, angependa kupanda nanyi Vuga siku moja ya likizo. Itakuwa mara ya kwanza mnazungumza wafalme bila kugombana.

La mtoto wenu wa kwanza, kama ni zito kulifungua na mume, anza na mtu unayemwamini, sista wa zamani akiwa bado yupo, au mshauri wa hospitalini. Usiombe ruhusa ya kulia kwa watu wa 1857 peke yao.

Ukishazungumza na baba watoto, niandikie. Nataka kujua hasa alisema nini ulipomuuliza boma lile alianza kulijenga mwaka gani, na kwa nini mwaka huo.